Mwakilishi Anaporudi Kutoa Hesabu

(Maneno yaliyotolewa mbele ya kamati za usharika na wafadhili katika kikao cha robo mwaka. Yamefupishwa kidogo.)



Nimeombwa nizungumze juu ya hesabu ambayo mwakilishi wa watu anapaswa kuitoa kikao cha bunge kinapokaribia kufungwa. Mfano nimeuchukua Minnesota, Marekani. Sharika za Dayosisi ya Iringa zina urafiki wa Bega kwa Bega na sharika za eneo la Saint Paul, na Saint Paul ndiyo makao makuu ya serikali ya Minnesota. Wageni wa huko wakija tunawauliza habari za familia na za baridi. Leo tuulize wanavyowabana wawakilishi wao.

Jimbo lenye bunge lake

Kwetu tukisema jimbo, tunafikiria eneo la mbunge mmoja. Kule jimbo ni serikali kamili chini ya ile ya taifa. Lina katiba, gavana, mahakama na bunge. Bunge la Minnesota lina wawakilishi 134 na maseneta 67, nalo ndilo linalopitisha fedha za jimbo kwa ajili ya shule, barabara na afya.

Katiba yao imeweka ukomo. Kwa miaka miwili bunge halizidishi siku 120 za vikao, na halikutani kupita Jumatatu inayofuata Jumamosi ya tatu ya Mei, isipokuwa gavana aitishe kikao maalumu. Kwa hiyo kila Mei huwa ni mbio. Katika wiki hizo wawakilishi huwaandikia barua wapiga kura wao, na wengi hufanya mikutano katika shule, maktaba au mgahawani. Maswali wanayoulizwa kwa kweli ni manne. Kipi kimepita? Kipi kimekwama, na kwa nini? Sisi wa hapa tumepata nini? Na wewe ulipiga kura gani? Swali la nne halikwepeki, maana kura ya mwisho ya kila muswada huandikwa katika kumbukumbu za bunge.

Kilichopita na kilichokwama

Tarehe 17 Machi 2023 Gavana Tim Walz alisaini sheria ya chakula shuleni. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/24, shule zilizo katika mpango wa chakula wa taifa zilianza kutoa kifungua kinywa na chakula cha mchana bure kwa kila mwanafunzi, bila kuangalia kipato cha mzazi. Kabla ya hapo mzazi maskini alijaza fomu ili mwanawe ale bure, na yule aliyezidi kiwango kidogo tu alilipa. Waliopinga walisema si haki fedha ya umma kuwalisha watoto wa matajiri. Sheria ilipoanza, watoto wengi walikula kuliko ilivyokadiriwa, na gharama ikapanda. Mwakilishi mkweli husema yote mawili: watoto wanakula, na bili ni kubwa.

Kuna vilivyokwama pia. Ili jimbo likope fedha za miradi ya ujenzi, zinahitajika kura tatu kwa kila tano. Mwezi Mei 2024 muda uliisha kabla muswada wa mkopo haujapita. Miji iliyokuwa ikitegemea fedha hizo kwa maji safi na maji taka ikabaki kungoja. Muswada mwingine wa namna hiyo ulipita Juni 2025. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mwenye kuumia anastahili kuambiwa kwa nini.

Kura iliyouma

Mwaka 2025 Baraza la Wawakilishi liligawanyika nusu kwa nusu, 67 kwa 67. Tarehe 19 Mei muda wa kikao uliisha bajeti haijakamilika. Bila bajeti, Julai 1 ofisi nyingi za serikali zingefungwa. Mwaka 2011 zilifungwa siku 20, na watumishi wapatao 22,000 wakasimamishwa kazi.

Kikao maalumu kikaitishwa tarehe 9 Juni. Sharti mojawapo la maafikiano lilikuwa zito: watu wazima wasio na vibali vya uhamiaji waondolewe katika bima ya MinnesotaCare ifikapo mwisho wa mwaka 2025. Watoto wao wangebaki. Melissa Hortman, Spika wa zamani na kiongozi wa chama cha Democratic katika Baraza hilo, hakulipenda sharti hilo. Hata hivyo alipiga kura ya ndiyo, peke yake kati ya wenzake wa chama, na muswada ukapita kwa 68 dhidi ya 65. Kisha alisimama mbele ya waandishi wa habari, machozi yakimtoka, akaeleza sababu zake.

Siku tano baadaye, tarehe 14 Juni, yeye na mume wake Mark waliuawa kwa risasi nyumbani kwao. Usiku huohuo Seneta John Hoffman na mke wake walipigwa risasi, wakanusurika.

Ndugu zangu, sisemi kwamba kura ile ilikuwa sahihi. Aliyepoteza bima yake ana haki ya kulalamika. Nasema kwamba mama yule hakujificha. Nasema pia kwamba silaha ikishika nafasi ya swali, wawakilishi watafunga milango, na hesabu haitatolewa tena. Tuulize kwa ukali, lakini bila chuki.

Na sisi je?

Mwaka wa fedha wa Tanzania nao huanza Julai 1, na Bunge la bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili hadi Juni. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukutana kila miezi mitatu. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo upo kwa sheria ya mwaka 2009, na mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Ada ilifutwa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, lakini katika shule nyingi uji na makande ya watoto bado vinategemea michango ya wazazi. Asiyekuwa na debe la mahindi, mwanawe anashinda njaa darasani.

Hivyo basi, naziomba kamati ziyaandike maswali yale manne na kuyapeleka kwa diwani na kwa mbunge kabla ya bajeti, na tena baada yake. Anzeni na chakula cha shule, maana hicho kila mzazi anakijua.

Kwenu wafadhili nasema hivi: tuulizeni na sisi maswali hayohayo. Taarifa yetu ya robo mwaka ikitaja visima vilivyokamilika tu, ulizeni vilivyokwama. Mkono unaopokea sadaka unadaiwa hesabu sawasawa na mkono unaopokea kura.