Jina la Kijana wa Keya: Deni la Kumbukumbu Kenyamonta

Kijana wa Kiingereza ambaye ndege yake ya mabomu ilidunguliwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mwili wake haukuonekana tena, anajulikana hadi leo. Jina lake limechongwa Runnymede, juu ya mto Thames, kwenye mnara uliofunguliwa mwaka 1953 kwa ajili ya askari wa anga zaidi ya 20,000 wasio na makaburi. Jamaa zake wakitaka, watapata kikosi chake, tarehe ya kifo, hata majina ya wenzake waliokuwa ndani ya ndege ileile. Hoja yangu ni kwamba kijana wa Keya, yaani askari wa Kiafrika wa jeshi la mkoloni Mwingereza, aliyetoka Mara anastahili kujulikana kwa undani huohuo, na kwamba kazi hiyo bado inawezekana katika kata kama Kenyamonta, wilayani Serengeti.

Tazameni kilichotokea tarehe 12 Februari 1944. Meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kabla dakika tatu hazijatimia. Kati ya watu 1,511 waliokuwamo walikufa 1,297. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, Kikosi cha 301, waliokuwa wakielekea vitani Burma. Katika kuiwinda nyambizi hiyo, manowari za Uingereza zilitupa mabomu majini huku manusura wakielea palepale. Ni kifo cha kutisha, lakini hakikufuta majina: wapo askari wa meli hiyo walioandikwa kwenye kumbukumbu ya Nairobi, kama walivyoandikwa huko Taukkyan, Burma, wenzao waliokufa vitani bila kaburi. Kwa upande wa majina, Vita ya Kwanza ilikuwa mbaya zaidi. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, inaahidi kwamba wana wa marehemu watayakumbuka majina yao, na yenyewe haina jina hata moja. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kuwa waliofia vita hiyo bila kuandikwa majina ni 116,000 kwa uchache, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, ikaomba radhi. Kwa hiyo jina la kijana wa vita ya pili huenda lipo. Lililokatika ni uzi wa kulirudisha nyumbani. Wakati ule wilaya ya Serengeti haikuwapo. Anayemtafuta ndugu yake lazima aanzie Musoma, tena akubali kwamba karani asiyejua Kingoreme, lugha ya wenyeji, aliandika jina kwa jinsi sikio lake lilivyosikia.

Wapo watakaosema kuwa hiyo ilikuwa vita ya mkoloni, na kuikumbuka ni kumtukuza. Pingamizi hili lina uzito, kwa kuwa wengine walichukuliwa bila hiari yao. Lakini aliyelazimishwa ndiye hasa asiyepaswa kuachwa mikononi mwa aliyemlazimisha, hata katika kuandikwa kwake. Kaboya, wilayani Muleba, taifa limewazika kwa heshima askari wa vita vya Kagera, na kila tarehe 25 Julai tunawaenzi mashujaa. Heshima hiyo haipungui tukimtaja pia aliyekufa Burma akiwa na umri uleule.

Wengine watasema muda umepita, wazee wamekwisha. Kweli, wengi wamekwisha. Hata hivyo Wakurya na Wangoreme wana kalenda ambayo ofisi ya mkoloni haikuitumia: marika ya tohara. Mtu asiyejua mwaka aliozaliwa babu yake anaweza kulijua rika lake, na rika hubeba pia majina ya waliotahiriwa pamoja naye. Serikali ya kijiji ikiuliza ukoo kwa ukoo ni nani wa rika lile aliondoka na hakurudi, kisha orodha hiyo ikalinganishwa na majina ya Nairobi na Taukkyan, huenda yakapatikana majina yanayoafikiana. Yasiyoafikiana nayo yaandikwe katika daftari la kata, pamoja na ukoo, rika na kitongoji, kwa sababu ushahidi wa familia kuhusu mwana wao hauhitaji kibali cha London.