Kazi ya Pili: Tuipime kwa Daftari

(Mazungumzo ya Afisa wa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa kisomo, Pemba)



Leo tuzungumze habari ya kazi ya pili. Nani kati yetu hapa ana kazi moja tu? Mkulima wa muhogo huchuma karafuu za watu. Mtumishi wa ofisi jioni huendesha bodaboda. Mama ana shamba, ana mwani, na usiku husuka ukili. Hatufanyi hivyo kwa tamaa. Tunafanya kwa sababu kazi moja haitufikishi mwisho wa mwezi.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi sana ya Unguja. Pemba ilisalimika, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka huku. Hiyo ni neema. Lakini mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka huu huzaa sana, mwakani hupumzika. Kwa hiyo watu walitafuta na riziki nyingine. Wakojani walikwenda dago na kuvua mbali na kwao. Kisha ukaja mwani. Ukulima wake ulianza Unguja, Paje na Jambiani, mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Baadaye ukafika na Pemba. Wengi wanaoulima ni wanawake.

Basi sisemi tuache kazi ya pili. Ninauliza hivi: je, kazi hiyo inatuongezea kitu, au inaila ile ya kwanza? Wahenga walisema: Mshika mbili, moja humponyoka.

Mama mmoja wa darasa letu alinijia na furaha. Akasema, "Mwalimu, mwani umenipa shilingi 70,000!" Nikamwambia, "Hongera, mama. Hebu lete daftari tuandike."

Tukaandika hivi:

Mwani mkavu kilo 100, kila kilo shilingi 700: 70,000
Kamba: 9,000
Nyuzi za kufungia mbegu: 3,000
Gari la ng'ombe: 8,000
Gharama zote: 20,000
Zilizobaki: 50,000

Nikamwuliza, "Na kuna kazi uliyoiacha kwa ajili ya mwani?" Akafikiri. Akasema, "Siku nne sikwenda kuchuma karafuu. Ningepata 10,000 kila siku."

Siku nne mara 10,000 ni 40,000. Tukatoa katika ile 50,000. Ikabaki 10,000.

Mama yule akanyamaza. Kisha akasema, "Kumbe ile 70,000 ni 10,000! Na siku hizo mwanangu hakwenda skuli, alibaki kuanika mwani. Hilo nalo, mwalimu, tunaliandika wapi?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Daftari lina mahali pa shilingi. Halina mahali pa somo lililompita mtoto. Lakini tangu siku ile nasema: hata kama halina hesabu, liandikwe. Andika, "Siku nne mtoto hakusoma." Likiandikwa, litaonekana.

Sasa nawapa mambo manne ya kufanya.

Kwanza, andika yote. Andika kilichoingia, kilichotoka, na siku ulizofanya kazi. Gawa kilichobaki kwa siku hizo. Hapo utajua kila siku moja imekupa nini.

Pili, fuata mwezi. Mwani hushughulikiwa wakati wa bamvua, maji yanapotoka sana. Bamvua huja mara mbili kila mwezi, unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku za maji mafu mwani hauhitaji mtu kutwa. Siku hizo ndizo za shamba na karafuu. Tia alama katika kalenda mapema, ili kazi mbili zisigongane.

Tatu, kabla hujachukua kamba za mkopo kwa mnunuzi, uliza mambo mawili: deni ni kiasi gani, na kilo utaiuza kwa bei gani? Yaandike mbele yake. Sasa unajua kusoma, usitie saini wala dole gumba katika karatasi usiyoisoma.

Nne, kaeni kikao nyumbani. Kazi ya pili ya mama mara nyingi ni ya tatu, maana kupika na kuteka maji hakukupungua. Baba naye achukue sehemu yake. Mtoto asaidie baada ya skuli, si badala ya skuli.

Mama yule hakuacha mwani. Alipanga upya siku zake. Bamvua yuko pwani, maji mafu yuko katika mikarafuu. Bwana wake sasa ndiye anayeanika. Mtoto amerudi darasani. Nasi tumehamisha darasa letu la kisomo, tunakutana siku za maji mafu baada ya alasiri, kwa sababu siku za bamvua viti vilikuwa vitupu.

Ndugu zangu, mlijifunza kusoma ili mjue jambo linalowahusu. Hili linawahusu. Jioni ya leo chukua kalamu, andika kazi zako mbili, uone ipi inakulisha na ipi inakuchosha bure. Mali bila daftari huisha bila habari.