Tia Mkono Mpaka Chini ya Gunia

(Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa kwa wanakisomo wa kijiji kimoja cha kando ya Ziwa Victoria, upande wa Sengerema. Tunayaandika hapa ili vikundi vingine viyasome na kuyajadili.)

Ndugu wanakisomo,

 

Leo hatukuja na kitabu. Tumekuja na gitaa. Mnaliona hapa mezani. Wengi wenu mnalifahamu, maana mlilichangia. Mnafahamu pia maneno yaliyosemwa juu yake. Basi leo tuyaseme hadharani, tujifunze, halafu yaishe.

Mwaka 1970 ulikuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati ule vitabu vya kisomo vya kanda yetu ya Ziwa vilifundisha kilimo cha pamba, uvuvi na mengine ya maisha ya watu wa huku. Mtu alijifunza kusoma mzani ili asipunjwe. Siku hizi mzani upo, lakini na simu ipo. Katika simu kuna soko. Humo kuna baiskeli, mashine za kushonea, nyavu, redio, na magitaa. Muuzaji humwoni. Unaona picha na maandishi tu. Je, tunajua kusoma soko hilo?

Sisi maofisa wa elimu tulidhani tunajua. Kumbe hatukujua.

Ilivyokuwa

Kikundi chetu cha nyimbo na ngoma kilitaka gitaa. Si jambo la ajabu. Wazee hapa wanamkumbuka Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, aliyefariki mwaka 1979. Gitaa lake lilisikika redioni mpaka vijijini. Vijana wetu nao walisema, ngoma tunayo, sauti tunazo, tukipata gitaa nyimbo zetu za mafunzo zitapendwa zaidi.

Kikundi kikaweka akiba. Kina mama waliuza dagaa, vijana walibeba mizigo mwaloni. Baada ya miezi minane mweka hazina alikuwa na shilingi 200,000.

Kijana mmoja akaona tangazo katika simu. Gitaa lililotumika, lipo Dar es Salaam, shilingi 180,000. Picha ilikuwa moja. Gitaa limesimamishwa ukutani, linang'aa juani. Kikundi kikatuita sisi tulisome tangazo, kwa kuwa sisi ni walimu. Tukasoma. Tukamwuliza muuzaji kwa ujumbe, "Gitaa ni zima?" Akajibu, "Zima kabisa, nyuzi tu zimechoka." Tukafurahi.

Mama mmoja muuza dagaa akanyosha mkono. Huyu wengi humwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Akasema, "Mwalimu, huko nyuma likoje?"

Jamani, tulicheka. Tulimjibu, "Mayu, gitaa hupigwa kwa mbele." Na wengine wakacheka. Mama akanyamaza.

Muuzaji akasema kuna wateja wengine wawili, tufanye haraka. Akaandika, "Tuma na ya kutolea." Siku ile ile mweka hazina akaenda kwa wakala, akatuma fedha.

Gitaa linafika

Mzigo ulisafiri kwa basi zaidi ya kilometa 1,000 mpaka stendi ya Nyegezi, Mwanza. Kijana wetu akaupokea, akavuka nao daraja la Kigongo–Busisi, lile la kama kilometa 3 lililofunguliwa Juni 2025. Zamani angesubiri kivuko. Jioni tulikuwa wote hapa chini ya mwembe kuusubiri.

Tukafungua. Gitaa lilikuwa limefungwa kwa gunia tu, bila boksi. Nyuzi mbili zimekatika, nne zina kutu. Kidaraja, yaani kile kibao kinachoshika nyuzi tumboni, kilikuwa kimebanduka upande mmoja. Kikazio kimoja cha uzi hakipo, pamewekwa msumari. Shingo imepinda. Tukaligeuza. Nyuma, pale shingo inapoungana na mwili, kulikuwa na ufa mrefu kama kidole.

Hakuna aliyecheka. Mayu alilitazama, akatutazama, akaenda zake nyumbani.

Ufa wa pili ulikuwa katika kikundi. Kesho yake watu walianza kunong'ona. Ati mweka hazina amekula na muuzaji. Ati bei ilikuwa chini ya hapo. Wanachama watano walisema hawaweki tena akiba. Mweka hazina, mtu mwaminifu, akaleta daftari na ufunguo wa kisanduku, akasema, "Chukueni. Mimi sitaki jina baya kwa watoto wangu."

Ndugu zangu, hasara ya gitaa hupimwa kwa shilingi. Je, hasara ya kuvunja kikundi hupimwa kwa nini?

Ndipo tuliposimama mbele ya mkutano tukasema ukweli. Mweka hazina alituma fedha kwa sababu sisi tulisema tangazo ni zuri. Kosa lilianzia kwetu. Tulisoma yaliyoandikwa, hatukuuliza yasiyoandikwa. Tena tulimcheka mtu aliyeuliza. Tukamwomba radhi Mayu na mweka hazina pia. Daftari likarudi kwake.

Somo la dagaa

Baadaye tulimwendea Mayu kwake. Tukamwuliza, ulijuaje? Akasema hajui gitaa, anajua gunia. Dagaa wakianikwa juu ya mchanga, mchanga hushuka chini ya gunia. Juu utaona dagaa weupe, wazuri. Mnunuzi mgeni hutazama juu, analipa. Mnunuzi mzoefu hutia mkono mpaka chini.

Picha ya simu ni juu ya gunia. Muuzaji ndiye anayechagua upande wa kukuonyesha. Usipoonyeshwa upande fulani, huo ndio wa kuuliza.

Basi, anayenunua gitaa la mtumba kutoka mbali atie mkono hivi:

1. Aombe picha za mbele, nyuma, ubavuni, na pale shingo inapoungana na mwili. Zipigwe leo, si za mwaka juzi. Ili ajue ni za leo, amwombe muuzaji aweke kando ya gitaa karatasi yenye tarehe.

2. Aombe picha iliyopigwa kutoka kichwani kuelekea tumboni, kama fundi anavyochungulia ubao kwa jicho moja. Hapo shingo iliyopinda huonekana.

3. Aombe picha ya karibu ya kidaraja. Kama kuna uwazi chini yake, gundi imeachia.

4. Aombe video fupi, kila uzi upigwe peke yake, kuanzia kichwani mpaka shingo inapoishia. Uzi ukivuma kama nyuki, kuna kasoro.

5. Ahesabu vikazio. Gitaa la nyuzi sita lina vikazio sita. Sisi hatukuhesabu, na picha ilikuwa mbele ya macho yetu!

6. Kama ana ndugu katika mji ule, amtume akalione. Fedha zilipwe mkono kwa mkono.

7. Amwambie muuzaji alegeze nyuzi kabla ya kulifunga, na aliweke katika boksi lenye nguo au karatasi. Nyuzi zilizokazwa huvuta shingo na kidaraja kwa nguvu, na joto la ndani ya buti la basi hulegeza gundi.

8. Akiambiwa "fanya haraka, wapo wengine," hapo ndipo apunguze mwendo.

Mambo haya si ya gitaa tu. Mashine ya kushonea, pampu ya maji, injini ya mtumbwi, vyote vina chini ya gunia.

Tulivyodai

Tulimwandikia muuzaji. Akajibu, "Limevunjika njiani." Tukautazama ule ufa. Ufa mpya wa mbao huwa mweupe na safi. Huu ulikuwa mweusi, na ndani yake kulikuwa na vumbi na gundi ya zamani. Tukapiga picha. Tukamrudishia maneno yake mwenyewe, "Zima kabisa, nyuzi tu zimechoka," pamoja na picha ya ufa.

Tukamweleza pia sheria. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu maandishi ya simu kutumika kama ushahidi. Kwa hiyo, ndugu wanakisomo, usifute ujumbe wa muuzaji. Usifute ujumbe wa malipo. Hizo ndizo risiti zako.

Siku ya nne muuzaji alirudisha shilingi 30,000. Hakurudisha zaidi, na kikundi kiliona kesi ya Dar es Salaam itakula nauli kuliko gitaa lenyewe. Huo ulikuwa uamuzi wa mkutano. Lakini aliyelipa akakosa bidhaa kabisa, huyo ametapeliwa. Aende polisi mapema, na namba ya tapeli aitume kwenda 15040.

Hesabu yetu

Bei ya gitaa ilikuwa 180,000. Usafiri na kutuma fedha, 15,000. Nyuzi mpya, 15,000. Fundi wa mitumbwi pamoja na gundi na kikazio, 25,000. Jumla ni shilingi 235,000. Toa 30,000 zilizorudi, inabaki 205,000. Gitaa jipya katika duka moja mjini Mwanza lilikuwa 250,000. Tungengoja tukaongeza 45,000, tungelishika kwa mikono kabla ya kulipa.

Fundi wetu wa mitumbwi alifanya kazi nzuri. Aliziba ufa, akabandika kidaraja, akakibana kwa kamba siku mbili kama anavyobana mbao za mtumbwi. Gitaa linalia. Sehemu za karibu na kichwa zinatoa sauti safi. Ukishuka kuelekea tumboni, bado linavuma. Vijana wamejifunza kupiga huku juu tu.

Wale wanachama watano wamerudi, isipokuwa mmoja. Tunaendelea kumtembelea.

Na kikundi kimepitisha azimio. Kitu chochote kikinunuliwa kwa simu, watu watatu watasoma tangazo, na mmoja wao lazima awe mtu anayeuza sokoni. Wa kwanza kuchaguliwa ni Mayu.

Kujua kusoma ni jambo kubwa. Lakini anayejua kusoma asimcheke anayejua kuuliza. Elimu haina mwisho, na sisi walimu bado tumo darasani.



Maswali ya kujadili kikundini

1. Umewahi kununua kitu bila kukiona? Kilifikaje?
2. Katika kikundi chenu, nani hutunza ujumbe wa malipo?
3. Fedha za kikundi zikipotea bila wizi, mtafanya nini ili kikundi kisivunjike?