Bima ya Moto kwa Zahanati na Vituo vya Afya Binafsi: Kiasi Kilichoandikwa na Miezi ya Kufungwa



Nianze na jambo mnalolijua kwa vitendo. Mmiliki anakwenda benki kuomba mkopo wa kupanua kituo. Benki inashika hati ya nyumba kama dhamana, kisha inasema jengo lazima likatiwe bima ya moto. Mara nyingi benki yenyewe ndiyo inayoshughulikia: ada inakatwa kwenye akaunti, hati ya bima inakaa kwenye faili la mkopo, na mmiliki anabaki na ujumbe wa simu kwamba fedha zimekatwa. Ukimuuliza kama ana bima, atasema ndiyo bila kusita, na hasemi uongo. Ninachotaka tukitazame leo ni bima hiyo inamlinda nani.

Tuchukue kituo cha mfano. Kulijenga upya jengo lake kungegharimu shilingi milioni 300. Deni lililobaki benki ni milioni 180, na bima imekatwa kwa milioni 180 hizo hizo. Usiku mmoja moto unaanzia stoo ya dawa, unakula paa la upande huo na chumba cha maabara. Hasara ya jengo inakadiriwa kuwa milioni 60. Mmiliki anapumua, maana 60 iko mbali sana chini ya 180. Mthamini wa hasara anapokuja anauliza kwanza thamani ya jengo zima. Kwa kuwa lenye thamani ya 300 limekatiwa bima ya 180, kampuni imebeba sehemu tatu kati ya tano tu za hatari, na mbili zilizobaki amezibeba mwenye jengo. Basi katika milioni 60 atalipwa 36, tena kabla ya kutoa kile kiasi cha mwanzo ambacho mkataba unamtaka mteja ajibebee. Hii ndiyo kanuni ya uwiano. Imo katika karibu kila hati ya bima ya moto, na ndiyo inayoleta machozi mengi kuliko moto wenyewe, kwa sababu watu wanakutana nayo mara ya kwanza siku ya kudai.

Na hizo milioni 36 zina mwenyewe. Hati imeiandika benki kuwa ya kwanza kulipwa, nayo inaweza kuziruhusu zitumike kujenga, au kuzipeleka kwenye deni. Mashine za maabara, majokofu, vitanda na dawa havimo kabisa, kwa sababu benki ilikopesha kwa dhamana ya jengo, haikuwa na haja ya kuuliza vilivyomo ndani. Siilaumu benki. Imelinda mkopo wake, na ndiyo kazi yake. Kituo kama biashara kilihitaji mtu wa kukitetea siku ile bima inakatwa, na mtu huyo ni mmiliki.

Upande wa vifaa kuna ugumu wake. Mashine nyingi tunazotumia zinaagizwa kwa dola. Mwaka 2018 dola moja ilikuwa inauzwa karibu shilingi 2,250. Mwaka 2024 ilivuka 2,600. Mashine ya altrasaundi ya dola 20,000 iliyonunuliwa wakati ule kwa milioni 45 ingehitaji zaidi ya milioni 52 kuibadilisha, bado hujaongeza usafiri. Lakini nani anayekumbuka kupandisha kiasi cha bima wakati wa kuhuisha? Wakala anauliza, "Tuendelee kama mwaka jana?" nasi tunajibu tuendelee. Zaidi ya hapo, hakikisheni mkataba unasema utalipwa gharama ya kifaa kipya. Usiposema hivyo, utalipwa thamani baada ya kutoa uchakavu, na mashine ya miaka saba baada ya uchakavu haitoshi hata kununua iliyotumika. Wale ambao wamewekewa mashine na msambazaji kwa makubaliano ya kununua vitendanishi kwake wasome mkataba huo pia. Mara nyingi imeandikwa humo kwamba ikiungua utalipa wewe.

Sasa niingie kwenye moto wa hospitali, maana una tabia zake. Bima ya moto ya kawaida inalipa hasara ya moto na radi, pamoja na moshi na maji ya kuzimia yaliyofuata. Mlipuko unaingia kwa kiasi kidogo sana, kwa kawaida ule wa gesi au bwela la matumizi ya nyumbani. Mtungi wa oksijeni haumo katika maneno hayo, wala mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke. Oksijeni haiungui yenyewe, ila inachochea. Kitambaa ambacho kwa hewa ya kawaida kingefuka polepole, kwenye chumba kilichojaa oksijeni kinawaka mara moja, na grisi kidogo kwenye valvu inatosha kuanzisha balaa. Aprili 2021, katika hospitali ya Ibn al-Khatib mjini Baghdad, mitungi ya oksijeni ililipuka na watu 82 wakafa, wengi wao wagonjwa wa Uviko-19 na ndugu waliokuwa wanawauguza. Tangu janga la Uviko-19 vituo vyetu vingi vimeongeza mitungi. Je, ni wangapi waliiandikia kampuni ya bima barua kuijulisha? Ombeni nyongeza ya mlipuko kwa maandishi, na itaje oksijeni kwa jina.

Kujulisha si adabu tu. Mkataba wa bima unasimama juu ya nia njema kamili: mabadiliko yanayoongeza hatari yasipotajwa, kampuni inaweza kukataa kulipa. Desemba 2011 moto uliua watu karibu 90 katika hospitali ya AMRI mjini Kolkata, India. Ulianzia chini ya jengo, mahali palipopangwa kuegesha magari lakini pakawa ghala, kisha moshi ukapanda hadi wodini ambako wagonjwa hawakuweza kusimama na kukimbia. Sisi hapa tunafanya hivyo hivyo kwa udogo wetu. Korido inakuwa stoo ya maboksi ya dripu. Mapipa ya dizeli ya jenereta yanakaa chini ya ngazi. Fremu ya mbele, iliyokuwa ofisi siku mkaguzi wa bima alipokuja, sasa amepangishwa muuza chipsi mwenye karai la mafuta na jiko la mkaa. Kodi yake ya mwezi ni ndogo mno ikilinganishwa na kile anachokihatarisha, na ningependa kila mmiliki aliye na mpangaji wa namna hiyo azungumze na kampuni yake wiki hii.

Kuhusu umeme, neno moja tu. Jokofu likiungua kwa hitilafu ndani yake lenyewe, bima ya moto kwa kawaida hailipi jokofu hilo. Moto ukitoka hapo ukashika pazia na dari, pazia na dari vinalipwa. Anayetaka mashine yenyewe ilindwe anunue bima ya mitambo au ya vifaa vya elektroniki.

Wengi wataniuliza kuhusu sheria. Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na mwaka uliofuata Sheria ya Fedha ya 2022 ikafanya bima kuwa ya lazima kwa masoko ya umma na majengo ya biashara. Ni hatua njema. Lakini mpangaji mwenye famasi ndani ya jengo la mtu asidhani kwamba bima ya mwenye nyumba inagusa rafu zake. Na tarehe 16 Novemba 2024, hapo hapo Kariakoo, ghorofa liliporomoka bila moto wowote. Bima ya moto peke yake haijibu tukio kama hilo. Wala haijibu mgonjwa aliyeumia wakati wa kutolewa wodini. Kwa huyo ipo bima ya dhima kwa watu wengine.

Nimeacha kwa makusudi jambo ninaloliona kubwa kuliko yote. Kituo kikiungua, jengo ni hasara ya kwanza. Ya pili ni miezi ya kufungwa. Mishahara ya wauguzi haisimami, na ukiisimamisha watahamia kituo cha jirani. Marejesho ya mkopo yanaendelea. Wagonjwa wa sukari na presha waliozoea kuja kila mwezi wanatafuta pengine. Ipo bima ya kukatika kwa biashara inayolipa mapato yaliyopotea na gharama zisizoepukika, nayo inafanya kazi pale tu bima ya mali inapokuwa hai. Swali gumu ni muda wake. Mwenye duka la nguo anaweza kupaka rangi na kufungua. Sisi, baada ya fundi kumaliza, chumba cha eksirei kinasubiri Tume ya Nguvu za Atomu, famasi inasubiri Baraza la Famasi, na kituo chenyewe kinasubiri kukaguliwa upya. Miezi 6 ambayo mawakala huandika kwa mazoea haitoshi. Mimi ningeandika 12, na kwa kituo chenye kulaza, 18. Ada inaongezeka, ndiyo. Lakini nimewahi kukaa na mmiliki aliyelipwa jengo lake lote na bado akauza kiwanja, kwa kuwa mwezi wa saba hakuwa na daktari hata mmoja aliyebaki.

Likitokea la kutokea, piga 114, watoe wagonjwa, kisha ijulishe kampuni siku hiyo hiyo kwa maandishi. Utahitaji taarifa ya polisi na ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Msisafishe wala kutupa mabaki kabla mthamini hajayaona. Dawa zilizopata joto na moshi, hata kama boksi limebaki zima, zitengwe zisiuzwe, na uteketezaji ufuate taratibu za Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Orodha yake ndiyo ushahidi wa dai lako. Na orodha hiyo itatoka wapi kama leja ilikuwa kwenye droo ya stoo ile ile? Nakala ya leja, ankara za mashine na picha za kila chumba zikae nje ya kituo. Dai likikwama, kuna ofisi ya msuluhishi wa migogoro ya bima, na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima inapokea malalamiko.

Kwenye barua ya mwaliko niliomba kila mshiriki aje na hati yake ya bima, na wale ambao hati zao ziko benki waombe nakala. Baada ya chai tutakaa meza kwa meza. Tutaanza na ukurasa wenye jedwali, tuandike pembeni kwa penseli thamani ya leo ya kila kitu, kisha tutazame jina la anayelipwa kwanza.