Uongozi Haungoji Mvi



Nimekuja hapa Langas, mtaa wa Eldoret, kupinga wazo linalopendwa mno katika semina za ushauri wa kazi: kijana ajifunze, mtu mzima aongoze, mzee apumzike. Wanaolihubiri humtegemea Donald Super, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1957 aliyagawa maisha ya kazi katika hatua tano: kukua, kutafuta, kujiimarisha, kudumisha na kushuka. Kujiimarisha kulipewa miaka 25 hadi 44. Kushuka kukaanzia 65.

Super alikuwa msomi makini, na baadaye alikubali kwamba mtu huweza kuzirudia hatua hizo. Lakini aliwatazama akina nani? Utafiti wake mkubwa, ulioanza mwaka 1951, uliwafuatilia wavulana wa shule mjini Middletown, jimbo la New York. Wasichana hawakuwamo. Hakuwamo pia kijana aliyekosa karo akaingia karakana, wala mama anayeshona nguo huku akimfunza binti wa jirani. Mpangilio huo unafaa palipo na mwajiri mmoja, mshahara wa kila mwezi na pensheni. Kuufanya sheria ya Langas ni kumwambia fundi wa miaka 22, ambaye tayari ana wanagenzi wawili, kwamba zamu yake haijafika.

Badala ya Super, ninayetaka tukae naye ni Kenneth King, mtafiti wa elimu. Kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu fundi wa Kiafrika kilionyesha jinsi ujuzi ulivyotoka katika karakana za Wahindi, ukashikwa na vibarua Waafrika, nao wakawafunza wengine. Kisha akafanya jambo ambalo watafiti wachache hulifanya: baada ya takriban miaka 20 aliwarudia baadhi ya mafundi wale wale, na mwaka 1996 akachapisha kitabu chake kuhusu jua kali, yaani kazi za sekta isiyo rasmi nchini Kenya. Nakipenda kwa subira yake. Kinamtazama fundi kwa miaka mingi, pamoja na watu waliopitia mikononi mwake.

Hata hapa Langas, mchomeleaji mmoja aliwahi kunieleza kwamba mwanagenzi mgeni hamfunzi yeye. Humkabidhi kwa yule aliyemtangulia kwa miezi michache. “Akimwonyesha mwenzake,” aliniambia, “ndipo najua kama mwenyewe ameelewa.”

Nakubali kwamba maamuzi mengine yana wakati wake. Daktari mwanafunzi katika Hospitali ya Rufaa ya Moi hawezi kumwamuru mpasuaji bingwa. Nakubali pia hofu ya fundi: nikimfunza yote, atafungua karakana ng’ambo ya barabara na kuwachukua wateja wangu. Wateja wengine huchukuliwa kweli. Lakini mafundi wakikaa pamoja, mnunuzi hujua pa kwenda, na chuma, vipuri na kazi za kusaidiana hupatikana karibu.

Kwa hiyo, wewe uliyeanza kazi mwaka jana, mshike mkono aliyeingia leo. Wewe uliye katikati, mwachie msaidizi wako kazi yenye uzito, si ya kufagia tu, na jina lake litajwe kazi inapokabidhiwa. Nawe unayekaribia miaka 60, umri wa kustaafu serikalini, anza sasa kumkabidhi mwenzako ujuzi usioandikwa kwenye faili lolote.

Mtihani wa ufundi hupima mikono ya mtahiniwa, na vyuo vyetu hupima machapisho. Vyote ni vya haki. Hata hivyo nashikilia kwamba kila jopo la kupandisha watu vyeo, karakanani na chuoni, lianze na swali hili: umemfunza nani, naye sasa anaweza kufanya nini bila wewe? Asiye na jibu asikabidhiwe watu.