Lugha za Kikundi na Fedha za Kikundi

(Maneno tuliyosema mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia, katika semina ya siku moja, Trans Nzoia.)

Leo hatukuja na habari za mbegu wala za ng'ombe wa maziwa. Tumekuja na neno juu ya lugha. Tunajua wengine watasema hiyo ni kazi ya walimu. Ngojeni kidogo.

Kuna kikundi kimoja cha kina mama, jina lake tuliache, na la mkopeshaji pia tuliache. Mwanachama mmoja aliomba mkopo. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Afisa alisoma haraka haraka, akaeleza kwa maneno mawili matatu, halafu akawaambia kina mama wanne waliokaa mbele watie kidole kama mashahidi. Sasa, shahidi ni mtu aliyeona. Lakini fomu haikusema shahidi, ilisema mdhamini, na mdhamini ndiye anayelipa deni mwenye deni akishindwa. Yule aliyekopa alipohama, wale wanne wakafuatwa nyumbani. Mmoja alitolewa ng'ombe zizini, ng'ombe ambaye maziwa yake ndiyo yalikuwa karo ya watoto. Mama huyo alituuliza, "Mimi niliona tu, sasa nalipa nini?"

Jambo lililotuuma zaidi ni hili. Siku ile alikuwapo msichana aliyemaliza sekondari, na Kiingereza cha fomu alikielewa vizuri. Lakini ameolewa pale kutoka kabila lingine, mkutano uliendeshwa kwa Kibukusu, naye Kibukusu ndiyo kwanza anajifunza. Hakujua wenzake wameambiwa ni mashahidi. Na wenzake hawakumwuliza fomu inasema nini, kwa sababu ni mdogo na ni mgeni. Basi lugha zote zilizohitajika zilikuwa zimekaa chini ya mti mmoja, ila hazikukutana.

Si mikopo tu. Kikundi kingine kilipata barua ya Kiingereza kutoka ofisi fulani, mkutano uko saa "2.00 p.m." Aliyesoma akatangaza saa mbili. Watu wakafika asubuhi na umande, wakakaa mpaka saa nane mchana, ndipo mwenye mkutano akatokea akiwa safi kabisa. Wazungu huanza kuhesabu saa usiku wa manane na adhuhuri, sisi tunaanza jua linapochomoza na linapotua. Barua ya namna hiyo haitoshi kusomwa, lazima igeuzwe.

Mnajua sehemu yetu hii ilivyo. Baada ya uhuru mashamba ya walowezi yaligawanywa, wakaja watu wa pande nyingi wakaongezeka juu ya waliokuwa hapa tangu zamani. Leo ukienda soko la Kitale utamkuta mama wa mboga anaongea lugha tatu, hata nne, na ukimwuliza amesoma wapi atakucheka. Alijifunza salamu, akajifunza hesabu, halafu majina ya vitu anavyouza, na alipokosea watu walicheka naye akaendelea. Mtu mzima hujifunza hivyo. Anayengoja mpaka aongee bila kosa hataongea kamwe.

Tena lugha nyingine ni ndugu. Mtu kwa Kikikuyu ni mũndũ, kwa Kibukusu ni omundu, kwa Kikisii ni omonto. Ukiwa na moja kati ya hizi, nusu ya mlango imefunguka. Kisabaot na Kiturkana zina mizizi mingine, hapo pana jasho. Lakini salamu tu, ukiamkia jirani kwa lugha yake, mnaona uso unavyobadilika. Baada ya mambo yaliyotupata 1992 na 2008, hatuwezi kusema hilo ni jambo dogo. Na fedha zikihesabiwa, zihesabiwe kwa lugha ya wote. Wawili wakianza kunong'ona kwa lugha ya kwao wakati sanduku liko wazi, hata kama wanaulizana habari za mvua, wengine watafikiri wanaibiwa.

Wazazi wengine wanatuambia wanawakataza watoto lugha ya mama ili Kiingereza kiingie haraka. Wazee mnakumbuka kile kibao, mtoto akiongea lugha ya nyumbani anavikwa shingoni. Kibao kilitufundisha aibu, kusoma hakikutufundisha. Kichwa cha mtoto si debe kwamba lugha moja ikiingia nyingine inamwagika. Tangu ripoti ya Gachathi ya 1976 wataalamu wa elimu walishauri mtoto aanze darasa kwa lugha ya mahali anapoishi, na mtaala ulioanza nchini kote 2019 uliziwekea lugha za kienyeji nafasi katika madarasa ya chini. Bibi aachiwe mjukuu amwongeleshe.

Sheria nayo iko upande wenu. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa kifungu cha 49, mtu akikamatwa lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa. Kwa kifungu cha 50, mshtakiwa asiyeelewa lugha ya korti apewe mkalimani bila malipo. Msione haya kuomba.

Sasa kazi ya kikundi. Kumbukumbu ziandikwe kwa Kiswahili na zisomwe kwa sauti, kisha mmoja aeleze kwa lugha ya nyumbani kwa wasioshika Kiswahili. Halafu mmoja wa hao, si katibu, arudie kwa maneno yake alivyoelewa. Akirudia tofauti, mnaanza tena. Karatasi ya mkopo isitiwe kidole siku ile ile iliyoletwa. Ilale nyumbani kwa mweka hazina wiki moja, na vijana waliosoma, hata wale walioolewa juzi, waitwe waisome.

Tumeandika karatasi moja ya Kiswahili yenye maneno ya fomu za mikopo: mdhamini, shahidi, riba, rehani, na mengine machache. Kila kikundi kichukue nakala mbili mlangoni. Wenye kuweza kuyageuza kwa Kisabaot na Kiturkana wabaki nasi kidogo baada ya chai.