Shamba la Mama na Mshahara wa Karani
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumepewa zamu ya kusema nanyi jioni hii, na habari tuliyoichagua ni ya nchi ya mbali. Lakini tukiisha kuisimulia mtaona kuwa haiko mbali na meza zetu za kazi. Twataka kuwaeleza mambo ya kijiji kidogo kiitwacho Koto Gadang, katika kisiwa cha Sumatra, nchi ya Indonesia. Hatukufika huko kwa miguu yetu. Twasema yale tuliyoyasoma. Kijiji hicho kimetoa makarani, walimu na matabibu wengi kupita ukubwa wake, na swali lililowasumbua watu wake ndilo liwasumbualo wengi wetu: karani aliye mbali na kwao, mshahara wake ni wa nani?

Koto Gadang ipo katika nchi ya juu ya Sumatra ya Magharibi, karibu na mji wa Bukittinggi. Kati ya kijiji na mji kuna bonde liitwalo Ngarai Sianok, ambalo kingo zake zimesimama wima kama kuta, na kina chake ni kama mita 100. Zamani mwenda mjini kwa miguu alishuka mpaka mtoni, akavuka, akapanda ng'ambo ya pili. Mwaka 2013 ilifunguliwa njia ya ngazi na daraja la waendao kwa miguu.

Wenyeji ni Waminangkabau. Ni Waislamu, na pamoja na hayo hufuata ukoo wa mama. Nyumba na mashamba ya mpunga yaliyoachwa na wahenga si ya mtu mmoja, bali ni ya ukoo, nayo hushuka kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Mjomba, yaani ndugu mwanamume wa mama, huyaangalia mali hayo na kuusemea ukoo barazani, lakini hana ruhusa ya kuyauza. Hata kuyaweka rehani, mila iliruhusu kwa sababu nne tu: maiti yupo nyumbani na fedha za mazishi hakuna, binti amekuwa mtu mzima na hakuna cha kumwozea, nyumba ya ukoo inavuja, au cheo cha mkuu wa ukoo ki wazi na hakuna cha kufanyia sherehe ya kumsimika mwingine. Nje ya hayo, shamba haliguswi.

Je, mwanamume alikuwa na nini? Kwa desturi ya zamani, kijana hakuwa na chumba katika nyumba ya mama yake. Alipokua kidogo alikwenda kulala pamoja na wenziwe katika msikiti mdogo uitwao surau, akisoma Kurani na kujifunza mchezo wa kujilinda kwa mikono. Alipooa, alikwenda nyumbani kwa mkewe kama mgeni wa heshima. Wenyewe wana methali ya kumfananisha mume na majivu juu ya kisiki: upepo ukivuma kidogo tu, huruka.

Basi mtu wa namna hiyo husafiri. Kusafiri huko wao hukuita merantau, na kwao si utoro wala si aibu, bali ni sehemu ya malezi. Kijana hutoka kwenda kutafuta mali, elimu na akili ya ulimwengu, ili arudi akiwa mtu wa maana. Aweza kwenda bila hofu, kwa kuwa shamba la mama yake halitauzwa nyuma yake.

Watu wa Koto Gadang walisafiri kwa njia ya kalamu. Mwaka 1847 serikali ya Waholanzi iliwalazimisha watu wa nchi ile kupanda kahawa na kuiuza kwa serikali peke yake, kwa bei iliyowekwa na serikali hiyo hiyo. Amri hiyo ilidumu mpaka mwaka 1908. Mabohari ya kahawa yalihitaji watu wa kushika mizani na kuandika vitabu vya hesabu. Mwaka 1856 chuo cha walimu kilifunguliwa Bukittinggi, mji ambao Waholanzi waliuita Fort de Kock. Watu wa Koto Gadang waliitambua mapema faida ya kujua kusoma na kuandika, na baadaye wakaanzisha chama cha kuchanga fedha za kuwasomesha vijana wao.

Wanawake hawakubaki nyuma. Rohana Kudus, aliyezaliwa huko mwaka 1884, hakupata kwenda shule; alifundishwa kusoma na baba yake, mtumishi wa serikali kama sisi. Mwaka 1911 alianzisha kijijini shule ya kazi za mikono na kusoma kwa wanawake, iitwayo Kerajinan Amai Setia, na mwaka 1912 akawa mhariri wa gazeti la wanawake, Soenting Melajoe. Serikali ya Indonesia ilimtangaza kuwa shujaa wa taifa mwaka 2019.

Sasa turudi kwenye swali letu. Karani akifa ugenini, akiacha fedha alizozitafuta kwa jasho lake, nani arithi? Mila ya zamani ilisema warithi ni watu wa ukoo wa mama yake, yaani wapwa zake. Wapwa walikuwa na hoja, maana mara nyingi mjomba alisomeshwa kwa mpunga wa shamba la ukoo. Lakini mjane naye alikuwa na hoja, na watoto wake pia, kwa kuwa ndio waliohama naye kituo hata kituo na kumwuguza alipougua. Sheikh Ahmad Khatib, Mminangkabau aliyekuwa imamu na mwalimu katika Msikiti Mtukufu wa Makka na kufariki mwaka 1916, aliupinga kwa ukali urithi wa wapwa, akisema wavunja sheria ya dini.

Ugomvi huo ulichukua miaka mingi. Mwaka 1952 wakuu wa koo, masheikh na wasomi walikutana Bukittinggi, wakapatana hivi: mali ya wahenga yafuate mila, yakae kwa ukoo wa mama, na mali aliyoyachuma mtu mwenyewe yagawanywe kwa sheria ya Kiislamu, yaende kwa watoto na mjane na wengine wenye haki. Mkutano mwingine katika mji wa Padang, mwaka 1968, uliyathibitisha hayo. Twaona hekima katika shauri lao, maana hawakumnyang'anya mjane ili kumridhisha dada, wala hawakumnyang'anya dada ili kumridhisha mjane. Walitenganisha mafungu mawili yaliyokuwa yamechanganyika.

Lakini ndugu, tusiwafiche upande wa pili. Leo nyumba nyingi za Koto Gadang zimefungwa. Wenyewe wako Jakarta na kwingineko, na wengine huonekana wakati wa Idi tu. Nyumba hizo haziuzwi, lakini pia hazikaliwi. Mila yaweza kumzuia mnunuzi. Mchwa haiwezi kumzuia. Kijiji kilichowasomesha wanawe vizuri kimewasomesha hata wakaondoka.

Kwa hiyo twawaomba wanachama wayafikiri mambo mawili. La kwanza, kila mmoja wetu aandike, angali hai na mbele ya mashahidi, kipi ni cha ukoo na kipi ni cha jasho lake, asiwaachie dada na mjane kesi ya kugombania matangani. La pili, likizo isiwe ya kupumzika mjini tu. Mkataa kwao ni mtumwa. Na asiyerudi kwao kuezeka paa, hata kama hakukataa kwa ulimi, paa lenyewe litamshuhudia.

Tumekwisha. Bwana Rais, twaomba wanachama wajadili, hasa wale ambao kwao hufuata ukoo wa mama, maana wao wataweza kutusahihisha.